Pale Alipokuwa Akiweka Pua

Waliomjua fundi huyu walimwita Pua, na yeye hakuwahi kulikataa jina hilo. Wengine hubandikwa majina ya utani kwa sababu ya kasoro zao. Yeye alibandikwa la kazi yake. Ukimpelekea gari linalokunywa petroli bila huruma, au linalokata pumzi likiona mlima, hakukimbilia kufungua boneti. Alikwambia uliwashe, uliache lipate moto, kisha akazunguka nyuma, akakunja suruali, akapiga goti moja na kusogeza pua kwenye mdomo wa bomba la moshi. Alivuta kidogo tu, maana moshi wa gari si marashi. Akafumba macho. Mwenye gari naye akanyamaza, hata kama ni mtu wa maneno mengi.

Halafu Pua alitoa hukumu. "Ina njaa" ilimaanisha kwamba hewa inayoingia kwenye injini ni nyingi na petroli ni kidogo. "Imevimbiwa" ilimaanisha petroli imezidi. Hapo ndipo alipofungua boneti, akashika bisibisi yake ndogo yenye mpini wa mti na kuigusa skrubu ya kabureta, kile kidude kinachochanganya hewa na petroli. Alizungusha kidogo huku, kidogo kule, akarudi nyuma kunusa tena, mpaka aliporidhika na kutoa neno la tatu, ambalo hakulitoa ovyo: "Imeshiba."

Kuna waliosema anatia chumvi. Mmoja wao alikuwa fundi mwenzake wa gereji ya barabarani, ambaye kila mteja akifika humwambia "dakika mbili tu" na kumrudishia gari siku ya pili, na ndiyo sababu akaitwa Dakika Mbili. Huyu aliwahi kumfunga Pua kitambaa machoni mbele ya watu na kumtembeza nyuma ya magari yaliyowashwa. Pua hakutaja tu lipi lina njaa na lipi limevimbiwa, alitaja na wenyewe. Alipofika la mwisho alisema, "Hii ya kwako, Dakika, na petroli uliyotia ina mafuta ya taa ndani." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Dakika Mbili alikubali kwamba ni kweli, ila akaapa kwamba aliuziwa hivyo hivyo.

Karakana yenyewe ilikuwa ua wa nyuma wa nyumba yake: paa la mabati upande mmoja, meza ya chuma iliyoshiba grisi, mashine ya kuchomelea, na sanduku la spana lenye kufuli ambalo hakuna aliyewahi kuliona limefungwa. Upande wa pili wa ua huohuo palikuwa na tanuri la matofali la mkewe. Mkewe alioka mikate na kuisambaza madukani. Petroli na mkate havikai meza moja, lakini yeye ndiye aliyechagua pande siku walipohamia, baada ya kusimama katikati ya ua akiwa amelowesha kidole na kukiinua juu. Upepo ulitoka tanurini kwenda karakana, wala si kinyume chake, na hivyo ndivyo walivyoishi kwa amani.

Upepo huo ulikuwa na faida nyingine. Tanuri halikuwa na kioo, na mwokaji mwenyewe, aliyeshinda ndani ya harufu ya mkate tangu alfajiri, pua yake ilikuwa imekwisha kuizoea. Pua ya mumewe haikuzoea kitu. Akiwa amelala chini ya gari, amejaa mafuta mpaka kwenye viwiko, ghafla angepaza sauti: "Mama, mkate." Naye angejibu kutoka ndani, "Nimesikia," akachukua koleo lake na kutoa mikate, na kila mara ilikuwa imeiva sawasawa, ganda la rangi ya asali. Majirani walisikia mwito huo miaka na miaka, hata wakaugeuza kuwa jina lake. Hakuna aliyemwita vinginevyo ila Mama Mkate.

Sasa, mwaka mmoja Pua aliugua homa. Haikuwa homa ya kutisha. Alilala, akalalamika kuliko alivyoumwa, akanyweshwa supu, akainuka. Kila kitu kilirudi isipokuwa kimoja, na hicho hakumwambia mtu.

Mama Mkate alijua kwa njia hii. Asubuhi moja alikuwa ndani akikanda unga, akisubiri aitwe kama siku zote. Alikanda, akakata madonge, akapanga, akaanza kushangaa. Alipotoka nje alikuta moshi mweusi unatoka tanurini, umenyooka na upepo mpaka karakana, na chini ya moshi huo mumewe ameketi kwenye kigoda anapiga mswaki jeti za kabureta, vile vidude vyenye tundu la kupitishia petroli, huku akiimba taratibu.

"Kuna nini?" aliuliza alipoona mkewe anakimbia na kitambaa mkononi. Ndipo alipoinua macho akauona moshi. "Aa. Nilikuwa ndiyo nakuja kukwambia."

Mama Mkate alimtazama usoni. Wameishi pamoja tangu nywele zao zikiwa nyeusi; uso wa mtu huyo ameusoma kuliko kitu kingine chochote. Akaona hofu. Akaenda kutoa mikate iliyoungua.

Hakutaka kuamini, kwa hiyo akampima. Aliacha maziwa yaliyoganda na kuchacha kwenye meza, akaenda kujifanya anafagia. Pua alimimina kikombe, akanywa nusu yake ndipo ulimi ukamshtua, akakunja uso na kuyamwaga dirishani akiangaza huku na huku kama mwizi. Mama Mkate aliingia stoo ya unga, akafunga mlango, akalia. Hakulilia maziwa wala mikate. Alilia kwa sababu mume wake alikuwa anajificha, tena nyumbani kwake.

Utauliza kwa nini hakumwambia kwamba anajua. Basi humjui Pua. Ni mtu ambaye angekubali kupoteza kidole kuliko kuonewa huruma, na kidole chenyewe angekifunga kwa kitambaa na kusema kimeparuzwa tu. Mkewe aliona kwamba siri ile ni nguo yake, na si vizuri kumvua mtu nguo. Akanyamaza kama maji mtungini.

Kwa hiyo walianza kudanganyana kwa mapenzi. Pua alijikaza akaendelea kuita "Mama, mkate," kwa kukisia. Mara aliita mapema mno, mikate bado mibichi tumboni, mara alichelewa. Mama Mkate alijibu "Nimesikia" kila mara, kwa sauti ileile, kisha akabaki kufanya anavyojua mwenyewe, akigonga mkate chini kwa kidole na kusikiliza. Wateja hawakugundua chochote.

Wateja wa Pua ndio waliogundua. Dakika Mbili alimletea teksi iliyomshinda, ikikohoa kila ikikanyagwa mafuta. Dereva wake alisimama pembeni, mikono kifuani. Pua alikunja suruali, akapiga goti, akaweka pua pale bombani, akavuta, akafumba macho. Mama Mkate aliyaona hayo yote kutoka mlangoni pa jiko lake na moyo ukamwenda mbio, maana alijua kwamba mumewe anavuta hewa tupu.

"Ina njaa," alisema Pua. "Iongezeeni petroli."

Waliiongezea. Kumbe ilikuwa imevimbiwa. Dereva hakumaliza hata siku. Ilizimika katikati ya njia panda na abiria ndani, plagi zote zimejaa masizi. Aliirudisha ikivutwa kwa kamba, akasema maneno ambayo hayafai kuandikwa. Dakika Mbili hakucheka safari hii, na hilo ndilo lililouma zaidi. Alimshika Pua bega akamwambia, "Kaka, hata pua inachoka. Pumzika kidogo."

Uso ulimshuka Pua. Walipoondoka, alirudisha spana moja moja kwenye sanduku, akalifunga lile kufuli, akamwambia mkewe kwamba mgongo unamsumbua. Kuanzia hapo wateja walifika wakaambiwa mgongo. Alishinda kwenye kigoda akitazama ukuta. Alianza kuzungumza habari za kumpa mtu ile mashine ya kuchomelea, kwani inajaza nafasi bure. Mama Mkate aliogopa kuliko alivyoogopa wakati wa homa. Homa aliijua dawa yake. Mtu huyu bila kazi yake hakumjua, na aliona wazi kwamba asipopata njia ya kurudi kwenye injini, atakuwa naye nyumbani huku amempoteza.

Njia aliitafuta Pua mwenyewe, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Asubuhi moja alichukua giaboksi ya akiba iliyokuwa imelala chini ya meza tangu zamani, akaipakia kwenye toroli, akaenda nayo kwa mama anayeuza vipuri. Kwenye kabati la kioo la duka hilo palikuwa na kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiulizia: sensa ya oksijeni pamoja na kisaa chake cha kuonyesha namba. Si zile za kawaida, ambazo hujua kusema mawili tu, kwamba petroli imezidi au imepungua. Hii ilisema imezidi kiasi gani, imepungua kiasi gani. Unaifunga kwenye njia ya moshi, inapata joto, inanusa oksijeni iliyobaki baada ya petroli kuungua, na kisaa kinakuonyesha namba, yaani hewa ni mara ngapi ya petroli. Kwenye kumi na nne na ushee, hewa na petroli vimetoshana. Ikipanda juu ya hapo, gari lina njaa. Ikishuka chini, linaanza kuvimbiwa.

"Ya nani?" aliuliza mama wa vipuri.

"Ya mteja," alisema Pua, akamwachia giaboksi.

Gari la majaribio lilikuwa la kwao wenyewe, lile la kusambazia mikate, lenye rangi ambayo zamani ilikuwa bluu. Pua alikuwa nalo kabla ya kuoa, na Mama Mkate alipoletwa nyumbani alilikuta limeegeshwa kivulini huku mizigo yake yeye ikishushwa juani. Siku hiyohiyo alilipa jina la Bi Mkubwa. Alisema yeye ni mke wa pili na anajua nafasi yake.

Pua alifanya kazi siku nzima amelala chini ya Bi Mkubwa. Alipitisha waya, akafunga kisaa kwenye dashibodi. Karatasi ya maelezo iliyokuja na mashine hiyo, yenye maandishi madogo na michoro, aliitumia kufungia jeti zake zisipotee. Ni fundi gani anasoma karatasi? Mkewe alipopita akauliza kile kidude ni nini.

"Saa," alisema Pua.

"Saa isiyokuwa na mishale?"

"Ya kisasa."

Mama Mkate akajifanya hamnazo, akaenda zake. Lakini moyoni alifurahi, kwa sababu kufuli la sanduku lilikuwa wazi.

Furaha hiyo haikukaa. Pua aliwasha gari, akaliacha lingurume papo hapo uani bila kulikanyaga mafuta, kama alivyofanya na magari yote maishani mwake. Kisaa kikaonyesha kumi na saba, kikapanda zaidi. Njaa. Akaongeza petroli kwenye skrubu. Bado njaa. Akafungua kabureta, akaweka jeti kubwa zaidi, tundu lake linapitisha zaidi. Namba zikashuka kidogo, zikagoma. Akaweka kubwa kuliko hiyo. Alikuwa anaziamini zile namba kama mtu aliyepewa fimbo gizani, na kila zilipomwambia ongeza, aliongeza.

Huko tanurini, Mama Mkate alianza kuwashwa macho. Harufu ya petroli mbichi ilivuka ua dhidi ya upepo, ikaingia jikoni, ikakaa juu ya unga. Nguo alizoanika zikanuka. Hakuwa fundi, lakini hakuishi na Pua miaka yote hiyo akiwa amefunga masikio. Alijua kwamba gari linalonuka hivyo limevimbiwa mpaka kooni. Na mumewe amesimama katikati ya moshi huo, anakunja uso kwa kufikiri, anaongeza petroli.

Hapo alibanwa. Akisema moshi unanuka, ni sawa na kumwambia, wewe husikii. Asiposema, Bi Mkubwa atakufa, na pamoja naye tumaini la mwisho la mtu yule. Aliamua kujaribu kwa mbali.

"Fundi," alimwita. Alimwita fundi alipokuwa na jambo zito. Siku nyingine alikuwa baba watoto. "Mbona leo moshi mkali hivi?"

"Nausikia," alisema Pua haraka. "Ni kawaida. Mashine inasema hewa ni nyingi."

"Mashine imesema?"

"Namba hazidanganyi, mama watoto."

Akarudi jikoni, akaupiga unga ngumi.

Kulipokucha walipakia mikate na kuondoka pamoja, maana ilikuwa zamu ya maduka ya mlimani. Bi Mkubwa aliwaka kwa shida, akatoa wingu jeusi lililomfanya jirani afunge dirisha. Barabarani alijivuta. Mama Mkate, asiyekuwa na la kufanya, alitazama ile saa ya kisasa. Walipoanza kupanda, gari likinguruma kwa nguvu, aliona namba zinaanguka. Kumi na tatu. Kumi na moja. Kumi.

"Saa yako imeanguka," alisema.

Pua akatupa jicho. "Imeharibika hii. Nyumbani ilikuwa inasema njaa."

Hakumaliza. Bi Mkubwa alikohoa, akatetemeka, akanyamaza katikati ya mlima. Pua alivuta breki ya mkono, akashuka, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akafungua boneti. Alitoa plagi ya kwanza. Ilikuwa nyeusi tii, imelowa. Ya pili vilevile. Alizishika kwenye kiganja bila kuzisafisha, akakaa kwenye ukingo wa barabara, na Mama Mkate akashuka akaketi karibu naye. Nyuma yao mikate ilikuwa ikipoa kwenye makreti.

"Sisikii harufu," alisema Pua. Alisema akitazama zile plagi. "Tangu ile homa. Hakuna kitu. Nikiweka pua bombani ni kama kuweka kwenye maji."

"Najua."

Akageuka. "Unajua tangu lini?"

"Tangu mkate ulipoungua na wewe unaimba."

Pua alizigeuza zile plagi kiganjani. "Na hizo siku zote naita mkate?"

"Nilikuwa najibu, hukunisikia?"

"Ilikuwa imeiva?"

"Hata siku moja," alisema Mama Mkate.

Hapo Pua alicheka. Hakuwa amecheka tangu teksi ile irudishwe, na kicheko kilimtoka vibaya, kikachanganyika na machozi, akajifuta kwa mkono wa masizi na kujipaka shavu lote. Mkewe alimfuta kwa ncha ya kanga yake. Alijisikia mwepesi, akamkasirikia kidogo pia, na akampenda sana, yote kwa pamoja.

"Sasa niambie," alisema baadaye. "Hiyo mashine yako umeifunga wapi?"

"Bombani."

"Bombani wapi?"

Pua akamwonyesha. Walizunguka nyuma ya gari. Pale mwisho kabisa, kwenye mdomo wa bomba, sensa ilikuwa imefungwa kwa kibanio, imeelekea ndani. Ilikuwa palepale, kwa urefu uleule ambao goti lake moja lilimfikisha miaka yote.

Mama Mkate aliinama akaitazama. "Umeiweka ulipokuwa unaweka pua."

"Ningeiweka wapi?"

"Baba watoto, mimi nikitaka kujua joto la tanuri siweki mkono mlangoni. Mlangoni ni baridi siku zote, upepo wa nje unaingia. Naweza kuwa naunguza mkate ndani na mlango unaniambia bado. Natia mkono katikati."

Pua alipiga goti pale nyuma. Alilitazama bomba, akaitazama sensa, akauona upumbavu wote kwa mara moja. Gari likinguruma papo hapo, moshi hutoka kinyonge, na hewa ya nje huingia mdomoni mwa bomba na kuchanganyika nao. Pua ya mtu haidanganywi na hewa hiyo, kwa sababu inatafuta harufu. Lakini sensa haijui harufu. Inahesabu oksijeni, na oksijeni ya barabarani kwake ni sawa na ya injini. Ndiyo maana uani ilisema njaa, na mlimani, moshi uliposukuma kwa nguvu na kuizuia hewa ya nje, ikasema ukweli.

"Haikuharibika," alisema polepole.

"Haikuharibika. Imekaa mlangoni."

Pua alisugua plagi kwa brashi, akarudisha jeti ndogo zilizokuwa zimefungwa kwenye ile karatasi ya maelezo. Alipoifungua safari hii, aliitazama. Mchoro wa kwanza kabisa ulionyesha sensa imefungwa karibu na injini. Aliikunja vizuri akaitia mfukoni bila kumwonyesha mkewe, naye mkewe alikuwa ameshaona.

Mikate ilifika ikiwa baridi lakini ilifika. Jioni ile Pua alitoboa bomba la moshi mbele, karibu na injini kabla ya kiungo chochote kinachoweza kuvuta hewa, akachomelea nati, akaifunga sensa upande wa juu wa bomba, imeinama kidogo, ili maji ya mvuke yasiizamishe. Kesho yake walitoka wawili kwenye barabara iliyonyooka, yeye ameshika usukani, Mama Mkate ameshika kazi ya macho. Ndani ya mita kadhaa tu aliacha kutaja namba.

"Njaa kidogo," alisema. "Bado njaa. Sasa sawa. Panda mlima huo."

Pua alikanyaga mafuta.

"Ina njaa tena, acha."

Wakasimama kando, akabadilisha jeti, wakarudi chini, wakapanda upya. Walifanya hivyo mpaka watu wa barabara ile wakadhani wanajifunza kuendesha. Jeti ile kubwa, ile ya kati, skrubu robo, tena kidogo. Alikuwa akiinama juu ya kabureta na mikono yake ilikuwa ileile ya zamani, haitafuti, haitetemeki, kila kidole kinajua kinakokwenda. Mama Mkate alimchungulia kutoka dirishani akamwona amerudi. Walipopanda mara ya mwisho, Bi Mkubwa alipanda kwa sauti nzito iliyotulia, namba zimekaa kwenye kumi na mbili na nusu kama injini inavyotaka ikibeba mzigo, na walipofika tambarare zikapanda taratibu mpaka kumi na nne na ushee zikasimama.

"Sema," alisema Pua. Alijua jibu, kisaa kilikuwa mbele yake. Lakini alisubiri.

"Imeshiba," alisema Mama Mkate.

Dakika Mbili alikuja baada ya habari kuenea kwamba mgongo umepona. Alikuta Pua anachomelea nati kwenye bomba la ile teksi, bila malipo, na dereva wake ameketi kwenye kigoda anakula mkate. Alitazama waya, akatazama kisaa, akapiga mluzi.

"Kumbe pua nayo inaingia umeme?"

"Ya kwangu imekufa, Dakika," alisema Pua bila kuinua kichwa. "Ile homa iliondoka nayo. Hii ndiyo ninayotumia sasa. Njoo nikuonyeshe inavyofungwa, usije ukaiweka mahali pa kijinga."

Dakika Mbili aliacha mzaha. Akavuta ndoo, akaigeuza, akaketi. "Nionyeshe," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemsikia akitaja dakika.

Mambo yangeweza kuishia hapo, na Mama Mkate alidhani yameishia hapo. Karakana ilijaa tena, sanduku likasahau kufuli lake. Yeye aliendelea kuoka kwa kugonga mkate na kusikiliza, na hakuitwa tena, kwa kuwa sasa siri haikuwepo na hapakuwa na haja ya kukisia. Hakulalamika. Ila kila asubuhi, akiwa anakanda, palikuwa na wakati ambapo mikono yake ilisimama kidogo, ikingoja, kabla ya kukumbuka.

Siku moja aliporudi kutoka madukani alikuta matofali ya tanuri yametobolewa na kuzibwa vizuri kwa udongo. Kitu cha mviringo kilitokeza ukutani. Kilikuwa kipima joto, kimetolewa kwenye jiko la chuma lililokufa, mshale wake umesafishwa na kupakwa rangi nyekundu, na waya wake umeingia mpaka katikati ya tanuri, si mlangoni. Alikizunguka, akakitazama tena, na hasira zikampanda kidogo. Kilikuwa kimeelekezwa upande wa ua. Ukisimama jikoni, pale anapokandia unga, hukioni hata kidogo. Ungelazimika kwenda kukaa kwenye kile kigoda cha karakana ndipo ukisome.

"Wanaume," alisema. Alitaka kwenda kumwambia kwamba ameweka saa ya mwokaji mahali ambapo mwokaji haoni, kwamba kumbe hakujifunza kitu. Lakini unga ulikuwa umekwisha kuumuka na usingemsubiri agombane. Akaingia ndani, akapanga madonge, akasukuma mikate tanurini, akafunga mlango, akaanza kukanda unga mwingine akiwa bado anayatunga maneno yake.

Nje, chini ya gari la mtu, Pua aligeuza kichwa. Akautazama ule mshale mwekundu ng'ambo ya ua, akasubiri kidogo, akasubiri tena.

"Mama," aliita. "Mkate."

Mikono ya Mama Mkate ilisimama ndani ya unga. 

"Nimesikia," alisema, akachukua koleo.

Mikate ilikuwa imeiva sawasawa.